Mkwe wa Lushoto na vilima vya Chake

Baba mkwe wangu alishuka botini bandari ya Mkoani, Pemba, amevaa koti la sufu. Mwezi wa Oktoba, adhuhuri, jua liko utosini, na mzee wa watu kajifunga koti la kahawia mpaka kifungo cha juu, kama anayekwenda kusali alfajiri kwao Lushoto. Nikamwamkia, nikampokea begi, nikataka nimpokee na koti. Akakataa.

"Mumeo kaniambia huku kwenu ni vilimani," akasema. "Nikajua kuna baridi."

Kosa ni la mume wangu. Kila akenda kwao huisifia Chake Chake: mji umekaa mgongoni mwa kilima, ukigeuka huku bonde, ukigeuka kule mikoko na bahari. Yote kweli. Asichowaambia ni kuwa Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilima kirefu kuliko vyote Pemba ni kama mita mia hivi. Minazi minne ikibebana, umefika kileleni. Na mwenyewe hakuwepo kujitetea. Kazi yake iko Unguja, akapata udhuru, nikaachiwa mzee siku sita: mimi, duka langu la vifaa vya skuli pale Chachani, na mdogo wangu wa kiume mwenye gari ya kuazima.

Kutoka Mkoani mpaka Chake njia haina kipande kirefu cha tambarare. Unapanda kwenye mikarafuu, unashuka kwenye bonde la mpunga, unapanda kwenye minazi, unashuka kwenye mpunga tena. Waarabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, na ukiipita njia ile baada ya mvua za mwanzo za vuli huulizi kwa nini. Msimu wa karafuu ulikuwa umeshaanza. Kando ya lami majamvi yametandikwa mfululizo, mbichi zenye wekundu upande huu, zilizokauka upande ule, na madereva wenye adabu wanapunguza mwendo wasizirushie vumbi. Mzee alitazama kimya. Tulipoanza kupanda kuingia mjini ndipo akasema:

"Mwanangu, hivi ndivyo vilima vyenyewe?"

"Ndivyo, baba."

"Vimekaa vizuri," akasema, kwa sauti ya mtu anayemsifia mtoto wa jirani.

Usiku ule baada ya kula akauliza kesho tunamtembeza wapi. Nikaona haya. Nimezaliwa Chake, nimesoma Chake, nimefungua duka Chake, na nilikuwa sijawahi kutia mguu ndani ya Ngome. Pujini nilikwenda mara moja na skuli nikiwa darasa la tano, na ninachokikumbuka ni kuwa tulipewa juisi ya ukwaju. Misali nimeiona kwa mbali tu, kama watu wanavyouona mwezi. Na si mimi peke yangu. Mgeni akituuliza kuna nini cha kutazama, tunamnyooshea kidole kaskazini kwenye fukwe na hoteli, kana kwamba Chake ni mahali pa kushuka gari ya Mkoani na kupanda ya Konde, basi. Nikamwambia mzee tutaanza na mji wenyewe. Nilisema hivyo ili nipate usiku mmoja wa kusoma na kuuliza watu.

Chake ina ujenzi wa ajabu kidogo, ila lazima uitazame na mtu asiyeizoea. Barabara kuu imefuata mgongo wa kilima na nyumba zimejipanga huku na huku. Ukisimama mbele ya duka unaona nyumba ya chini, fupi, ya kawaida. Zunguka nyuma: nyumba hiyohiyo imeteremka ghorofa nzima bondeni, pengine mbili, na nguo zimeanikwa usawa wa vichwa vya migomba. Tangu mtoto nilidhani nyumba zote duniani zina mlango wa juu na mlango wa chini. Mzee, aliyefundisha sayansi skuli za msingi miaka thelathini na moja, alisimama nyuma ya nyumba moja karibu na marikiti akahesabu nguzo, akagonga moja kwa kifundo cha kidole. "Fundi huyu," akasema, "ama hakuwa na kiwanja, ama hakuwa na woga."

Ngome iko hapo ubavuni mwa hospitali, na ukiwa na haraka utaipita. Vitabuni huitwa Nanzim. Minara yake ni ya pembe, si ya mviringo kama ya Ngome Kongwe ya Unguja, na ndiyo maana wapo wanaosema chini yake pana kazi ya Wareno, waliokuwa mabwana wa pwani hii karne ya 16 na ya 17, na kwamba Waarabu wa Oman waliijenga upya juu ya msingi ule katika karne ya 18. Sehemu kubwa ilivunjwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuipisha hospitali. Hospitali hiyo ndiyo niliyozaliwa. Kwa hiyo nimetoka tumboni mwa mama nikaingia ngomeni, kisha ikanipita miaka arobaini na mbili kabla sijaingia kwenye kipande kilichobaki.

Ndani ya kipande hicho ndimo yalimo Makumbusho ya Pemba. Si makubwa. Unayamaliza kabla chai haijapoa, isipokuwa uwe na mwalimu mstaafu anayesoma kila kibao kwa sauti. Mimi usiku nilikuwa nimejiandaa, na nilikuwa na neno langu moja nimeliweka. Unguja imekaa kwenye maji mafupi karibu na bara. Pemba sivyo: kati yetu na bara umepita mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 800.

"Baba," nikamwambia, "mlima wetu ni mrefu. Umezama tu."

Akacheka mpaka akavua kofia. Halafu, kwa kuwa mwalimu haachi, akatoa kalamu akajumlisha nyuma ya tikiti: mia nane za chini, mia moja za juu, mia tisa. Ukisimama kwao kwenye mwamba wa Irente, akasema, tambarare ya Mazinde iko kama mita elfu moja chini yako. "Bado tumekupiteni. Lakini kidogo tu, sikutegemea."

Jioni tukateremka upande wa magharibi kuelekea hori. Zamani maji yakijaa vyombo vidogo vilikuwa vikipanda mpaka karibu na mji. Siku hizi mikoko na matope vimelibana na vyombo viko Wesha. Kuteremka hakukuwa na neno. Kupanda ndiko magoti ya Lushoto yalikogundua kuwa kilima hakipimwi kwa mita. Alikaa kwenye baraza tatu, na kwenye kila baraza akapewa kahawa, kwa sababu mzee mgeni hapiti baraza ya Chake hivihivi. Njia ya dakika kumi tukaimaliza kwa saa moja na nusu. Baraza ya tatu alikuwa keshajua nani kamuoa nani pale mtaani, mambo mengine nikiyasikia mimi kwa mara ya kwanza.

Siku ya pili tulikwenda Pujini, kama kilomita kumi kusini mashariki ya mji, na tulikuwa na ami yangu, mdogo wa marehemu baba, mkulima wa karafuu wa upande wa Ole. Ami aliposikia mgeni alikuwa mwalimu akamwita Maalim papo hapo, na hakumwita vingine mpaka anaondoka.

Pujini pana magofu ya karne ya 15: husuni ya mtawala anayesemwa jina lake ni Muhammad bin Abdulrahman, lakini Pemba nzima inamjua kwa lakabu, Mkama Ndume, mkamuaji wa wanaume. Inasimuliwa kuwa aliwabebesha watu mawe ya kujengea na kuwalazimisha wajikokote kwa makalio, jiwe kichwani. Ami aliisimulia habari hii akiwa amesimama juu ya tuta la boma, na alipofika kwenye makalio akataka kuonesha, nikamzuia. Ukuta mwingi umeanguka. Utaona tuta, utaona mawe ya matumbawe yaliyoliwa na mizizi, utaona mikoko mashariki ikikaribia kama inayotaka kurudishiwa kitu. Ukienda ukitarajia kasri utarudi umenuna. Nenda kwa ajili ya kisima.

Mkama Ndume, inasemwa, alikuwa na wake wawili wasioonana kwa macho. Akachimba kisima kimoja akakitia ukuta katikati. Mke mmoja alichota kwa ndoo na kamba kutoka juu. Mwenzake aliteremka kwa ngazi za mawe mpaka kwenye maji, huku ukuta unamficha. Maji mamoja, wasikutane. Ngazi zipo, zimelika katikati kama ubao wa kukatia nyama, na majani yamezifunika nusu. Mzee alinipa koti lake nimshikie (ndiyo, alikuja nalo), akashika shina la mti akaanza kushuka kabla sijasema kitu. Alishuka akazama mpaka mabegani. Akainama kutazama ukuta, akapapasa chokaa, akapanda kimya.

Mabishano yakaanza ndani ya gari. Mke mpenzi alikuwa yupi? Ami akasema wa ngazi, bila shaka, maana huyo aliondoshewa taabu ya kuvuta kamba. "Weye Maalim umeshavuta ndoo lakini?" Mzee akasema hapana, mpenzi ni wa kamba, maana alibaki juu kwenye upepo na mwenzake ndiye aliyepandisha mtungi kichwani kila siku. "Mwenye magoti ndiye ajuaye." Walibishana mpaka Chake, wakashuka, wakaendelea barazani kwangu mpaka magharibi. Mdogo wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama watu hawa wameshasahau kuwa mke hasa hakuwa na haja ya kuchota maji, maana alikuwa mke wa mfalme. Nikamwambia anyamaze.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ami hakumpa jembe, alimpa jamvi na gunia la karafuu mbichi. Karafuu ni kitumba cha ua kinachochumwa kabla hakijafunguka, na huchumwa na vikonyo vyake, kwa hiyo kabla ya kuanika lazima ichambuliwe: unashika shada, unalipindua kwenye kiganja, karafuu zinadondoka huku, makonyo unayatupa kule. Watoto wa ami wanafanya bila kutazama, wanazungumza na kutaniana. Mzee alifanya kama anayesahihisha mitihani, moja moja. Baada ya saa nzima kiganja chake kilikuwa cha rangi ya chai kavu na kirundo chake kingeenea kwenye kofia yake.

Akauliza kwa nini karafuu ni za Pemba zaidi kuliko Unguja. Ami akamjibu kwa neno moja, upepo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka huku. Mti unapanda juu ya mita kumi, matawi yake ni mepesi kukatika, na kila msimu kuna mtu anaanguka. Ami mwenyewe ana mkono wa kushoto usionyooka. Hilo hakulisema, nalisema mimi.

Mchana tukaenda kiwanda cha makonyo Wawi, mwendo mfupi tu kutoka mjini, na kama una siku moja tu Chake mimi ningekupeleka huku kabla ya kwengine kote. Yale makonyo yanayotupwa kando ya jamvi hayatupwi. Yanauzwa, yanaletwa hapa, yanajazwa kwenye mapipa makubwa ya chuma, na mvuke unapitishwa kati yake kutoka chini. Mvuke unatoka umebeba mafuta, unaingia kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, unarudi kuwa maji, na mwisho wa bomba unadondoka uzi mwembamba kwenye chombo. Hewa yenyewe ni kali. Macho yanachonyota kidogo, na ulimi unakufa ganzi kama umetoka kung'olewa jino. Wanatengeneza pia mafuta ya mchaichai na ya mdalasini, ila siku ile ilikuwa zamu ya karafuu.

Mzee alisogeza uso kwenye kile chombo. Maji yalikuwa juu, meupe kama ya mchele. Mafuta yalikuwa chini, rangi ya asali, yametulia.

"Yako chini," akasema.

Kijana wa kiwandani akamwambia ndiyo, mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji.

"Miaka thelathini na moja," mzee akasema, akinigeukia mimi kana kwamba nimeyafanya mimi, "nimewafundisha watoto wa watu kwamba mafuta huelea." Akanyamaza. Kisha akanunua chupa mbili ndogo, na njia nzima aliishika moja dhidi ya jua.

Siku ya nne nilikosea mimi. Tulikwenda Misali kwa mashua kutoka Wesha, na sikuuliza maji. Mtoto wa Pemba mzima, mwenye baba aliyekuwa mvuvi, sikuuliza maji! Misali ni kisiwa kidogo upande wa magharibi, kimehifadhiwa tangu mwaka 1998, kina sehemu ambazo uvuvi umepigwa marufuku na fukwe ambazo kasa hutaga. Jina lake lina kisa. Inasimuliwa kuwa Nabii Khidhri aliwatokea wavuvi pale akataka msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, ndio msala wake. Mzee alipolisikia hilo akavua viatu na akatembea peku mpaka tunaondoka. Alitembea sana, na polepole, na mimi sikuweza kumharakisha mkwe kwenye msala wa Nabii.

Tulikuwa tumepanga tukirudi tushuke Ras Mkumbuu, kwenye ncha ya rasi, tukayaone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya zaidi ya miaka 600. Tuliyapita. Maji yalikuwa ya bamvua na yalikuwa yameshaanza kutoka, na nahodha akili yake yote ilikuwa nyumbani. Tulipokaribia mashua ikagusa chini, ikasota, ikasimama. Mbele yetu mikoko imeinuliwa mizizi hadharani, pande zote tope linang'aa, na kaa wadogo wanatoka mashimoni kututazama. Nahodha akasema neno moja: tungoje. Tukangoja zaidi ya saa mbili. Mzee akavaa koti lake, maana upepo wa jioni ulikuwa umeanza, na wakati sisi wengine tunatetemeka na nguo zilizorowa, yeye alikaa pale tezini amestarehe, anakula mkate wa ufuta, akituuliza kama kweli sisi ni watu wa bahari.

Kaskazini tulikwenda siku moja na ikanyesha kutwa, kwa hiyo sitajifanya. Msitu wa Ngezi ulikuwa mzuri hata kwa mvua, mivule mirefu na mipapindi, mti wa jamii ya minazi unaoota Pemba tu. Ufukwe wa Vumawimbi ulikuwa ukivuma kama jina lake. Mnara wa taa wa Kigomasha, wa chuma, wa mwaka 1900, tuliutazama kwa dirisha la gari. Mchezo wa ng'ombe wa Kengeja haukuwa na msimu wake. Yaliyobaki nitayaandika nikiyaona.

Jioni ya mwisho tukaenda Kidike, unatoka Chake kwa njia ya Wete, karibu na kwa ami. Popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani. Si popo hawa wa darini wa kumkimbiza kwa ufagio. Huyu ana uso wa mbweha, manyoya mekundu shingoni, na akitanda mabawa anapita mita moja na nusu. Zamani tulikuwa tukiwala. Marehemu bibi alikuwa na mapishi yake, na sitayaandika hapa. Kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu walipungua mpaka ikahofiwa watakwisha, ndipo baadhi ya vijiji vikaamua kuwalinda na miti yao, na Kidike ni kimojawapo. Mchana wananing'inia kwa mamia kama mifuko iliyosahauliwa, wanagombana, wanajipepea kwa bawa moja. Mzee alilala chali kwenye mkeka wa wenyeji ili asiumie shingo.

Jua lilipozama akaondoka mmoja. Kisha watatu. Kisha ukaona matawi yananyanyuka, kwa kuwa uzito umeyatoka, na anga upande wa mashariki likajaa. Hawapigi kelele wakiruka. Unasikia bawa tu, kama mtu anakung'uta kanga. Mzee hakusema kitu mpaka giza limeingia. Halafu akauliza kama kuna anayeweza kumsaidia kuinuka.

Asubuhi ya safari tulimsindikiza mpaka Mkoani. Wazee wana msemo wao, Pemba peremba, ukija na joho utarudi na kilemba. Mzee alirudi na kofia ya kiua aliyopewa na ami, na koti likabaki Ole. Ami hulivaa alfajiri akenda shambani na hataki kusikia neno la mtu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa dukani nahesabu madaftari, simu ikalia. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanaume wengi wakizungumza kwa pamoja, na mmoja anacheka.

"Mwanangu, hebu niambie. Zile ngazi za kisima cha Mkama Ndume zilikuwa ngapi?"

"Hatukuhesabu, baba."

"Najua hatukuhesabu," akasema, akishusha sauti. "Nimeshawaambia kumi na saba. Wakikupigia, ni kumi na saba."